Matanga ya Kota Mia

"Mama Tekla, mbona siku mlipofukuzwa hakuna hata mtu mmoja aliyewasaidia kubeba mizigo?"

Nilimuuliza swali hilo nikiwa na miaka tisa, nimetumwa na mama nimpelekee dagaa kwenye kibanda chake kipya, kando ya barabara ya Pugu. Alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga. Alinitazama kati ya pigo moja na jingine, akasema, "Kua kwanza." Basi nikaenda zangu kukua.

Swali lenyewe halikuwa la utovu wa adabu. Watu wote wa Kota Mia walikuwa nalo kifuani, na waliokuwa wakubwa walishindwa kuliuliza. Maana Apolonia, mama yake Tekla, ndiye aliyewabebea mizigo wengine wote.

Kota Mia iko upande wa Temeke, na jina lake ni uongo tangu mwanzo. Vyumba vyake ni themanini na vinne. Safu saba, kila safu vyumba kumi na viwili. Nimevihesabu mwenyewe, mara mbili. Serikali ilivijenga baada ya vita kwa ajili ya Waafrika wenye kazi mjini: makarani, matarishi, wapishi, watu wa reli na watu wa bandarini. Kila familia chumba kimoja cha futi kumi kwa futi kumi, na humo hukaa baba, mama, watoto, mgeni aliyetoka bara akasema anapita tu, na kuku. Kila safu ina bomba moja. Vyoo viko mwisho wa safu, na siku za joto hakuna haja ya kuuliza viko upande gani.

Msimamizi wa kota wakati huo alikuwa Mzungu ambaye jina lake hakuna aliyeweza kulitamka. Alitembea na rula ya mbao ya kukunjwa, akipima vibanda vya kupikia ambavyo watu walivijenga nyuma ya vyumba. Akikuta kibanda kimezidi inchi mbili, kinavunjwa siku hiyo hiyo, chungu kiwe motoni kisiwe motoni. Watu wakamwita Bwana Futi.

Apolonia alifika mwaka wa arobaini na sita kutoka Bukoba, amemfuata mumewe Projestus, karani wa stoo ya reli. Alikuja na Tekla mgongoni na kifuko cha kahawa ya kutafuna, ile ya kwao inayochemshwa na majani na kukaushwa, na kila mgeni aliyepita mlangoni kwake alitiliwa punje mbili kiganjani kabla hata ya kuambiwa karibu. Wanawake wa bombani walimcheka kwa lafudhi yake.

"Mama Tekla, hicho unachosema ni Kiswahili au ni senene?"

"Ni senene," akajibu. "Kuleni, mtashiba."

Wakamkubali kuanzia siku hiyo.

Chama kilianza kwa sababu ya Demetria, mke wa mpishi, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Demetria alijifungua mumewe akiwa safarini na bwana wake, na kwa siku tatu moto haukuwaka kwake. Majirani waliona. Kila mmoja alitaka kupeleka kitu, na kila mmoja aliona haya, kwa kuwa maskini akimpelekea maskini mwenzake unga kidogo ni kama anamwonyesha kwamba anajua. Apolonia akachukua kikapu, akapita mlango kwa mlango saa ya kupika. "Kabla hujamimina unga wako chunguni, toa ukufi mmoja utie humu." Ukufi ni kile kinachojaa kiganja kimoja tu, basi, mwenye kingi na mwenye kidogo wanatoa sawa. Kikapu kilipofika kwa Demetria, unga wa mke wa karani ulikuwa umechanganyika na unga wa mke wa mfagiaji, wala hakuna aliyejua amekula cha nani.

Kikapu hakikuacha kupita. Kikaitwa Chama cha Ukufi. Wagonjwa walikula, waliojifungua walikula, na mwaka ule wa homa watoto wa safu nzima ya tano walikula humo wiki tatu. Wakristo na Waislamu, wa bara na wa pwani, wote walitia kiganja mle mle. Hadi hapo hakuna wa kumlaumu mtu.

Lakini palikuwa na amri ya siku saba.

Mwenye kazi akifa, au akiachishwa, au akiugua mpaka kazi ikampita, watu wake walipewa siku saba wawe wametoka chumbani. "Chumba ni cha kazi," Bwana Futi alisema siku zote, na karani wake Adelard alitafsiri, "si cha mtu." Siku saba! Kuku anayeatamia hupewa ishirini na moja. Mjane wa Kota Mia alikuwa hajamaliza kupokea pole, macho bado yamevimba, na mtu wa chumba kipya keshakuja kuchungulia dirishani kama kitanda chake kitaingia.

Chama cha Ukufi kiliwahurumia wajane hao, na hapo ndipo kilipopotea njia bila kujua. Siku ya sita wanawake walifika na kamba na mikeka, Apolonia mbele. Walifunga vyombo, wakakunja magodoro, wakafagia chumba, wakakipiga deki kabisa. Walimpikia mwenye kuondoka chakula cha njiani, wakamsindikiza hadi stesheni au hadi kwa ndugu zake Manzese, wakiimba wa kuimba na wakilia wa kulia. Kabla ya adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha.

"Hakuna anayetoka Kota Mia peke yake," Apolonia alikuwa akisema, na alijivunia.

Bwana Futi naye akajivunia. Kwa nini asijivunie? Tangu Chama kianze kufunga mizigo hakuhitaji askari wala kupandisha sauti. Alituma barua siku ya kwanza, na siku ya saba akapokea ufunguo wa chumba kinachonukia sabuni. Mwaka wa hamsini akaitisha sherehe ndogo mbele ya ofisi. Paliletwa chai na mandazi. Kisha ukasukumwa mkokoteni mpya, umepakwa rangi ya kijani, magurudumu yake ya mpira, zawadi kwa Chama ili wasiumie vichwa kwa kubeba vitanda vya watu.

"Bwana anasema," Adelard alitafsiri, "nyie kina mama ni mkono wake wa kulia."

Vigelegele vikapasua mabati. Apolonia alilia kwa furaha. Hilo aliniambia mwenyewe, na alipokuwa akiniambia alitazama pembeni.

Adelard huyo alikuwa Mhaya mwenzake. Alikula kwake kila Jumapili baada ya misa, ndizi na maharage, akilamba vidole na kumwita mama. Alikuwa na shati jeupe moja na alilifua kila jioni. Kama angekuwa mtu mbaya, habari hii ingekuwa rahisi.

Mwaka uliofuata akafa Jaffar, karani wa mizani bandarini, aliyekaa safu ya tatu. Jumatatu alirudi na homa, Alhamisi akazikwa. Mkewe Zubeida alikuwa mtoto wa watu wa dukani, Waarabu wa Kariakoo wa siku nyingi, na alikuwa fundi wa kofia za viua; mabwana waliagiza kwake kofia za Idi miezi sita kabla. Hawakujaliwa mtoto. Barua ya siku saba ilimfikia siku ya pili ya matanga, na aliyeileta ni Adelard, akaipenyeza chini ya mlango, akakimbia.

Siku ya sita, asubuhi, Apolonia akasukuma mkokoteni hadi safu ya tatu. Alikuwa na Demetria na wengine wanne. Hodi, hodi. Zubeida alikuwa amekaa kwenye mkeka, kaniki mwilini, kichwa amekifunika, bila wanja wala udi. Apolonia akampa pole, akamshika bega, kisha akawaambia wenzake waanze na vyombo.

"Mnafanya nini?" Zubeida akauliza.

"Tunakusaidia, mwanangu. Kesho ni siku ya saba."

"Mie siwezi kutoka, Mama Tekla. Nimo edani."

Apolonia alikuwa amesikia neno eda, kama mtu anavyosikia jina la mji ambao hajafika. Akatandika shuka juu ya vyombo akafunga fundo. "Eda utaikalia kwa kaka yako Kariakoo. Mungu anaelewa."

"Eda hukaliwa nyumba aliyofia mume. Miezi minne na siku kumi."

"Miezi minne na siku kumi!" Demetria akasema, sufuria mkononi. "Yesu na Maria. Mungu wenu ana hesabu ndefu."

"Na wenu hana Kwaresima?" Zubeida akamjibu, akatabasamu kidogo, ikawa mara ya mwisho siku ile. Wanawake walikuwa wanaendelea. Godoro lilikunjwa. Sanduku la uzi na vitambaa vya kofia likafungwa kamba, na kofia moja iliyoshonwa nusu ikaanguka chini, akaiokota mwenyewe. Hapo akasimama, akaziba mlango kwa mwili wake, mwanamke mwembamba ambaye hata Tekla angeweza kumsukuma.

"Mama Tekla. Nyie mmekuja kwa ajili yangu, au mmekuja kwa ajili ya ofisi?"

Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Apolonia akafungua kinywa amwambie kwa ajili yako, mwanangu, kwa nani tena. Badala yake aliwaona wote waliotangulia, aliniambia, mmoja mmoja: mjane wa tarishi, mke wa mpagazi aliyevunjika mgongo, yule bibi wa safu ya sita aliyewaomba wamwachie siku mbili tu mbegu zake zikauke juani, naye Apolonia akamwambia, "Twende, mama, tutakusaidia." Kumi na saba. Wote aliwafungia yeye. Hakuna hata mmoja aliyefukuzwa na Bwana Futi kwa mkono wa Bwana Futi.

Akainama akaanza kufungua fundo. Lilikuwa gumu, maana alilifunga yeye, na alikuwa hodari wa mafundo. Akalifungua kwa meno.

"Rudisheni vyombo," akasema.

"Mama Tekla, kesho watakuja askari," Demetria akamwambia.

"Rudisha sufuria, Demetria, au nikupige nayo."

Mkokoteni ukasukumwa mtupu hadi ofisini. Adelard akatoka mbio. "Mmeshamaliza tayari? Leo mmewahi!"

"Tumemaliza," Apolonia akasema, akauacha mlangoni kwa Bwana Futi, akageuka.

Jioni ile akaenda kwa Bi Khairiya wa safu ya pili, ambaye ndiye aliyewasomea hitima Waislamu wote wa kota, akamuuliza jambo moja. Matanga kwa desturi ni siku ngapi? Tatu, akajibiwa, au saba wenye uwezo. Na nani anayeyaanua, yaani nani anayesema sasa watu watawanyike? Wenye matanga. Na kama wenye matanga hawajayaanua?

Bi Khairiya akamtazama sana. "Basi bado ni matanga," akasema. "Watu wanakaa."

Asubuhi ya siku ya saba Bwana Futi alituma askari wawili wa kota. Walikuta mikeka imetandikwa mbele ya chumba cha Zubeida, baraza nzima, na wanawake thelathini wamekaa na kanga vichwani. Askari walikuwa watu wa hapa hapa, wamezaliwa na mama zao, wamezikiwa wazazi wao. Mtu akifika matangani ana mambo yake ya kufanya, nayo hayana njia ya mkato. Wakavua kofia. Wakasema poleni. Wakaambiwa tumeshapoa, karibuni. Mmoja akanyanyua mikono akaomba dua, mwenzake akaitikia amina. Wakapewa uji. Wakanywa. Kisha wakarudi ofisini wakasema palikuwa na msiba, haikuwezekana.

Adelard akaja mwenyewe, shati jeupe, barua mkononi.

"Vua kofia, Adelard," Demetria akamwambia. "Hapa matangani."

Akaivua. "Mama Tekla, unaniharibia kazi. Huyu hata si mtu wa kwenu. Si Mhaya, si Mkristo!"

"Na wewe unayekula ndizi zangu kila Jumapili, ni mtu wa wapi?"

Wanawake wakacheka ndani ya kanga, cheko la msibani, la kutikisa mabega tu.

"Bwana atakuja."

"Aje. Tutampa uji."

Akaja siku ya kumi, na uji akaukataa. Alisimama mbele ya mikeka, Adelard pembeni yake amelowa jasho.

"Bwana anauliza, haya yataisha lini?"

"Yakianuliwa," Demetria akasema.

"Nani anayeanua?"

"Sie," Bi Khairiya akasema.

"Mtaanua lini?"

"Eda ikiisha."

"Eda inaisha lini?"

Bi Khairiya akahesabu kwa vidole, polepole, akarudia, akamtajia mwezi wa nne kutoka huo na siku kumi juu yake, toa kumi zilizokwisha. Adelard alitafsiri akiangalia viatu vyake.

Bwana Futi akakunjua rula. Nadhani ilikuwa mazoea tu ya mkono. Akainama akapima kutoka ukingo wa baraza hadi ukingo wa mkeka wa mbele, akaona mkeka umeingia njia ya Serikali kwa inchi nne, akaamuru jambo hilo lirekebishwe. Apolonia akasimama. Akawashika wenzake wakanyanyuka, wakavuta mkeka inchi nne nyuma, wakaketi tena. "Mwambie apime," akasema.

Hakuwa na la kufanya. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu mgomo wa bandarini, na wakubwa hawakutaka kusikia habari za mkusanyiko Temeke, tena wa wanawake wenye msiba, tena kwa jambo la dini. Basi akafanya lile ambalo watu wa aina yake hufanya. Kesho yake bomba la safu ya tatu likaharibika. Fundi alikuja na spana, akalifunga badala ya kulifungua, akaenda. Miezi minne familia kumi na mbili zilichota maji kisimani, mwendo wa nusu saa, watoto wachanga wakiwa mgongoni, kwa kuwa mwanamke mmoja alitaka kumlilia mumewe kama dini yake inavyomtaka. Nami nilichota. Nilidhani bomba limeharibika kweli. Sasa najua, na kila nikilifikiria damu inanichemka upya.

Kaka yake Zubeida, Aidarus, mwenye duka, alikuja mara moja. Alikaa dakika kumi, akaacha gunia la mchele. "Mama Tekla, Mungu atakulipa. Mie ningekaa nanyi, lakini leseni yangu iko mikononi mwao."

"Na vyumba vyetu viko mikononi mwa nani?" Apolonia akamuuliza. Mchele akaupokea.

Matanga ya siku mia moja na thelathini hayakaliwi na watu thelathini kila siku. Walikaa kwa zamu, watano asubuhi, watano mchana. Walishona, wakachambua mboga, wakanyonyesha, wakagombana. Demetria alijifunza kushona viua vya kofia kutoka kwa Zubeida aliyekaa ndani ya mlango, akavishona vibaya, akaambiwa kofia yake itavaliwa na mbuzi. Kikapu cha ukufi kiliwalisha. Apolonia hakukosa hata siku moja, na Jumapili alitoka misani akaja moja kwa moja na rozari yake, akakaa karibu na Bi Khairiya na tasbihi yake, kila mtu na hesabu zake.

Projestus alirudi kazini jioni moja akiwa amenyong'onyea. "Wameniuliza kama mke wangu amesilimu."

"Ukawajibu nini?"

"Nikasema hapana, ni Mhaya."

"Hilo limewatisha zaidi," akasema, na Projestus akacheka ingawa hakutaka. Alikuwa mwoga na alijijua. Lakini hakumwambia mkewe aache, na mimi namhesabia hilo.

Siku ya mwisho Zubeida akaogeshwa, akavaa nguo zake, akapakwa wanja. Alikuwa ametumia wiki nzima kufunga mizigo yake mwenyewe kwa mikono yake: shati hili la sadaka, hili la kuweka, kofia hii ya Jaffar haitoki. Alitembea juani akafumba macho kama mtu anayejifunza kuona. Alifunga mlango, akaenda hadi ofisini kwa miguu yake, akauweka ufunguo juu ya meza, mbele ya Bwana Futi. Chumba hakikunukia sabuni. Kisha Bi Khairiya akasimama barazani akatamka kwamba matanga yameanuliwa, na wanawake wakakunja mikeka.

Siku tisa baadaye Projestus akapata barua. Chumba chake kinahitajika. Hakuwa amekufa, hakuwa ameachishwa kazi, hakuwa mgonjwa. Kinahitajika, basi. Siku saba.

Nilikuwapo siku ya saba. Projestus alifunga kitanda kwenye baiskeli. Apolonia alitoa godoro, akalikunja peke yake, likakunjuka, akalikunja tena. Tekla alibeba vyungu. Na watu wa Kota Mia, wote aliowalisha, walisimama kwenye baraza zao, safu saba, mikono imening'inia, wakitazama. Demetria alikuwapo. Bi Khairiya alikuwapo. Mama yangu alikuwapo, na nilipomvuta kanga nikamwambia twende tukamsaidie, alinishika mkono kwa nguvu hadi ukauma.

Adelard akaja akisukuma ule mkokoteni wa kijani. Uso wake ulikuwa umelowa. "Mama, tafadhali. Walau kitanda."

"Rudisha kwa mwenyewe."

Akainua sufuria moja ardhini, Apolonia akamnyang'anya.

Kutoka Kota Mia hadi kile kibanda cha barabara ya Pugu ni maili moja na ushei. Walikwenda na kurudi mara sita. Bwana Futi alikuwa amefika saa tatu kuchukua ufunguo, akidhani atauchukua kama zamani. Saa nne bado. Saa sita bado. Alisimama juani na rula yake, safu saba za watu zikimtazama yeye, wala hakuna aliyekwenda kupika. Alipewa ufunguo saa kumi alasiri. Chumba hakikufagiwa.

Wiki ile ile kikapu cha ukufi kilianza kufika barabara ya Pugu, na hakijaacha hadi leo. Zile dagaa nilizobeba zilikuwa za humo. Ndipo nikachanganyikiwa. Watu wanaokulisha miezi, wanashindwaje kukushikia godoro?

Mwaka huu nimo darasa la nane. Mwezi uliopita nilikwenda kwake na daftari. Alikuwa akimenya maharage. Nywele zimeingia mvi. Akanitilia punje mbili za kahawa kiganjani. Nikamwamkia, nikakaa, nikamkumbusha swali.

"Sasa umekua," akasema. "Niliwakataza."

Akamenya ganda moja, la pili.

"Siku barua ilipokuja nilipita mlango kwa mlango, kama zamani, ila sikubeba kikapu. Nikawaambia, atakayenigusia hata kijiko si mwenzangu. Yule bwana alikuwa hajapata kuona kazi yake kwa macho. Miaka yote hiyo sie ndio tuliokuwa tukimfichia, tunamwekea sabuni juu. Nikasema leo aione yote, toka asubuhi mpaka jioni, mtu na mkewe na mtoto. Na aliiona. Adelard aliniambia kwamba baada ya pale kila barua ya siku saba ilimkalia mezani wiki mbili kabla hajaitia saini. Si kitu kikubwa. Lakini wiki mbili ni wiki mbili."

Nikaandika. Alinisubiri nimalize.

"Andika na hili, usije ukasema uongo," akasema. "Safari ya nne, niko pale kwenye mchanga, godoro kichwani, shingo inakatika, nilimwomba Mungu mmoja wao anikaidi."